NAFSI NA WANGA

Swali la insha hii laweza kusemwa kwa maneno machache: mwenye njaa ni mtu yule yule aliyekuwa ameshiba jana, au ni mwingine? Walioshiba hulijibu upesi, na majibu yao ni mawili. Wa kwanza husema kwamba njaa humvua mtu vazi la adabu na kumwonyesha alivyo. Mwizi alikuwamo ndani tangu zamani, na njaa ilimtoa nje tu. Wa pili, aghalabu kijana aliyesoma sayansi kidogo, husema kwamba ndani hamna mtu wa kutolewa; mna sukari, chumvi na maji katika fuvu, na sukari ikipungua, yule tuliyemwita mtu hupungua nayo. Nakusudia kuonyesha kwamba majibu yote mawili yana kasoro, na kwamba kasoro hiyo haiishi darasani. Katika nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, maelfu kwa maelfu ya watu wamekula kwa kipimo cha kadi mwaka baada ya mwaka, na hukumu nyingi zinazotolewa juu ya tabia zao zimejengwa juu ya jibu mojawapo.

Tuanze na chakula chenyewe, maana wanafalsafa wengi huanza na roho wasifike jikoni. Muhogo ni tegemeo kubwa la Waha. Ule mchungu hauliwi ukiwa mbichi: humenywa, huloweshwa majini siku kadhaa hata ulainike, huanikwa juani, kisha hutwangwa au husagwa kuwa unga. Kazi hii yaonekana nyepesi kwa sababu mama zetu waliifanya bila kuieleza, lakini imejaa elimu. Katika muhogo mna kitu kiitwacho linamarini, nacho ni glukosi, sukari ile ile iendayo katika damu, iliyofungamana na kipande chenye sianidi, ambayo ni sumu. Mzizi ukilowa na kuvunjika, kimeng'enya cha muhogo wenyewe hukata kifungo hicho. Sumu huenda na maji na hewa, na chakula hubaki. Mwenye haraka hudhurika. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, watu walikula muhogo mchungu ambao haukutayarishwa kwa muda wa kutosha, na baadhi yao wakapatwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu usio na dawa. Njaa ilifupisha subira, na subira ndiyo iliyokuwa ikitenga sukari na sumu.

Kinachobaki katika unga ni wanga. Neno hili lina bahati mbaya ya kuwa pia wingi wa mwanga, yaani mchawi wa usiku, na mwanafunzi akiambiwa mara ya kwanza kwamba muhogo umejaa wanga hucheka kabla hajaandika. Wanga wa mwalimu wa kemia ni glukosi nyingi zilizoshikana. Molekuli moja ya glukosi ina atomi 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Zikishikana kwa mamia na maelfu katika mnyororo mmoja wenye kujiviringa huwa amilosi. Mnyororo ukitoa matawi huwa amilopektini. Muhogo una zote mbili. Sasa tuutazame mti wa mninga uliosimama kando ya shamba. Sehemu kubwa ya ubao wake ni selulosi, na selulosi nayo ni glukosi tupu. Hakuna namna ya atomi katika wanga isiyokuwamo katika selulosi. Tofauti i katika kiungo: katika wanga kiungo kimeelekea upande mmoja, katika selulosi kimegeuzwa upande wa pili, na kwa mgeuko huo mtu hushiba kwa ugali, ila aweza kufa njaa msituni. Mchwa hula gogo lile lile akastawi, kwa kuwa tumboni mwake wamo vijidudu vyenye kujua kukifungua kiungo ambacho sisi hatukijui.

Asali yafundisha jambo hili kwa njia nyingine. Katika misitu ya miombo ya Kibondo ufugaji wa nyuki ni kazi ya zamani, na asali ni mchanganyiko wa maji na sukari, ambazo kubwa zake ni glukosi na fruktosi. Mtu akizihesabu atomi za sukari hizi mbili atapata hesabu ile ile, sita, kumi na mbili, sita. Walakini fruktosi ni tamu kuliko glukosi, na mwili huipitisha kwa njia yake yenyewe. Emil Fischer, mkemia wa Ujerumani, ndiye aliyeupambanua mpangilio wa atomi za glukosi mwaka 1891, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Mizani peke yake isingaliweza kumwambia kitu alichokitafuta.

Sisemi kwamba sukari ni hoja juu ya nafsi. Mfano hauthibitishi neno. Lakini huu wamwondolea yule kijana wetu haraka yake. Akisema kwamba mtu ni kaboni, haidrojeni na oksijeni, amesema kweli, na bado hajasema kama anazungumza juu ya ugali au juu ya gogo.

Hata hivyo hoja yake ina nguvu, na haifai kuipita. Ubongo ni karibu sehemu 2 katika 100 za uzito wa mtu mzima, lakini katika mwili uliopumzika hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za nguvu yote. Kwa siku hutaka karibu gramu 120 za glukosi, nao hauna ghala yake iliyo kubwa. Damu yote ya mtu anayefunga hubeba karibu gramu 4 tu, kijiko kimoja cha chai. Ini hulikamilisha pengo kutoka katika akiba yake, na akiba hiyo haivuki sana siku moja. Aliyewahi kumwona mgonjwa wa kisukari ambaye sindano ya insulini imemzidi hatasahau. Mtu mpole hutoka jasho, hutetemeka, hutukana, husema maneno yasiyo na mpango, na wapita njia humdhania mlevi. Akinyweshwa maji ya sukari, baada ya dakika kumi na tano huomba radhi kwa maneno ambayo pengine hakumbuki kuyatamka. Tulikuwa tukizungumza na nani kabla ya maji yale?

John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, angejibu kwamba mtu hufika pale kumbukumbu yake inapofika, na kwa hiyo yule mwenye kutukana hakuwa huyu mwenye kuomba radhi. David Hume wa Scotland, katika kitabu alichokitoa kuanzia mwaka 1739, alikwenda mbali zaidi. Alisema kwamba kila alipochungulia ndani yake alikuta joto au baridi, upendo au chuki, asikute kamwe mwenye kuvishika vitu hivyo. Nafsi kwake ni mafungu ya hisia zipitazo. Ni haki kuongeza, kwa kuwa wanafunzi husahaulishwa, kwamba mwaka 1740 Hume aliandika nyongeza akaungama kwamba hakuridhika na maelezo yake mwenyewe: hakuweza kuona ni kamba gani iliyoyafunga mafungu hayo. Kwa maneno ya mkemia, alikuwa na glukosi zote mezani, ila alikosa kiungo.

Upande wetu wa dunia kiungo hicho kilitafutwa mahali pengine. Placide Tempels, padri Mbelgiji aliyekaa na Waluba wa Katanga, aliandika mwaka 1945 kwamba kwa Wabantu kuwa ni kuwa na nguvu, na kwamba nguvu ya mtu huongezeka na hupungua kwa mafungamano yake na wengine, walio hai na waliokufa. Wasomi wa Kiafrika walimkosoa baadaye, na kwa haki, kwa kuwasemea watu waliokuwa na vinywa. Mwaka 1956 Alexis Kagame wa Rwanda alilianza jambo upya kutoka katika sarufi ya lugha yake, ambayo ni jirani ya Kiha: umuntu hapo, umuntu hapa. Kiswahili chatoa ushahidi huo huo. Shina -tu halisimami peke yake. Lataka kiambishi ndipo liwe mtu, kitu au utu. Na walimu wa sarufi walipotafuta jina la mimi, wewe na yeye, walichukua neno nafsi, wakazihesabu: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya kwanza haina maana pasipo ya pili. Sijui kama walikusudia falsafa, lakini waliipata.

Sasa turudi kwenye njaa, tukiwa na jaribio lililofanywa kwa makusudi. Mwaka 1944 Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachagua vijana 36 waliokataa vita kwa ajili ya dhamiri zao na waliojitolea kuumwa na njaa ili elimu ipatikane ya kuwaponya wenye njaa wa Ulaya. Kwa majuma 24 ya mwaka 1945 walipewa kalori zipatazo 1,570 kwa siku, nyingi katika viazi, mkate na tambi, yaani wanga. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mabadiliko ya nafsi ndiyo yaliyowashangaza wenyewe. Waliacha mzaha, wakaacha kutamani wanawake, wakalamba sahani, wakasoma vitabu vya mapishi kama watu wasomavyo hadithi. Marafiki wakachukiana kwa namna ya kutafuna. Mmoja alijikata vidole vitatu kwa shoka, hata baada ya chakula kuanza kuongezwa, na alipoulizwa hakuweza kusema kwamba alikusudia, wala kwamba hakukusudia.

Jibu lake lastahili kupimwa na wale wasemao kwamba njaa humfunua mtu. Hao hupenda kutaja dhahabu ijaribiwayo kwa moto. Moto hauibadilishi dhahabu. Huondoa takataka, na dhahabu hubaki ile ile. Njaa hukibadilisha kiungo kile kile kinachojaribiwa. Vijana wale walikuwa wapole kabla ya majuma 24 na walirudia upole wao baadaye kwa maisha yao yote. Kwa nini tuseme kwamba ukweli wao ulikuwa katika miezi sita, na miaka mingine ilikuwa uongo? Hakuna sababu, ila kwamba mtu aliyeshiba hupenda kuamini kwamba tabia yake njema ni mali yake, na tabia mbaya ya mwenzake ni siri iliyogunduliwa.

Lakini yule kijana wa kemia naye hapati faraja hapo. Katika wale 36, 32 walifika mwisho wa jaribio, ingawa maduka ya mji yalikuwa wazi na mifuko yao haikuwa mitupu. Njaa iliwanyang'anya mzaha, haikuwanyang'anya ahadi. Na waliilindaje? Baada ya baadhi yao kula kwa siri, Keys aliamuru kwamba mtu asitoke peke yake, atoke na mwenzake. Walipokosa kujiamini kila mmoja kwa nafsi yake, nafsi mbili ziliaminika. Katika jaribio lote sioni jambo kubwa kuliko hili, ingawa vitabu hulitaja kama utaratibu wa ofisi.

Kemia yenyewe haimwungi mkono sana. Mwaka 1967 George Cahill na wenzake walionyesha kwamba katika njaa ya majuma mengi ubongo huacha kutegemea glukosi peke yake, ukachukua sehemu kubwa ya nguvu yake katika ketoni, ambazo ini huzitengeneza kutoka katika mafuta ya mwili. Kuni zimebadilishwa, na mwenye nyumba bado ayajua majina ya watoto wake. Mwaka 2007 wanasaikolojia wa Marekani, Roy Baumeister akiwa miongoni mwao, walidai kwamba nguvu ya kujizuia hutumia glukosi na kwamba bilauri ya maji ya limau yenye sukari huirudisha. Dai hilo lilisafiri sana. Mwaka 2016 maabara 23 zilijaribu kwa pamoja msingi wake, kwamba kujizuia mara moja hudhoofisha kujizuia kwa mara ya pili, na hazikupata tofauti ya maana.

Na kuna ushahidi ambao hauhitaji maabara. Mwislamu wa Ujiji katika Ramadhani na mkulima wa Kasulu ambaye ghala lake limekwisha mwezi wa Januari waweza, saa kumi jioni, kuwa na sukari sawa katika damu. Wa kwanza ana kichwa kizito, lakini amejiona bora kuliko jana. Anafunga pamoja na mji mzima, na ajua saa ya futari. Wa pili hana saa. Haoni aibu ya tumbo tu, huona aibu ya macho ya watoto. Gramu ni zile zile, na nafsi ni mbili, kwa sababu njaa ya mmoja imeunganishwa na wengine na ya mwenzake imemtenga.

Mwezi Agosti 2017 Mpango wa Chakula Duniani ulitangaza kwamba, kwa uhaba wa fedha, posho ya wakimbizi wapatao 320,000 wa Burundi na Kongo katika kambi za Nyarugusu wilayani Kasulu, Nduta wilayani Kibondo na Mtendeli katika Kakonko, wilaya iliyokatwa kutoka Kibondo, imepunguzwa hata kufikia sehemu 62 katika 100 za kipimo. Kipimo kamili ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na sehemu 62 ni kalori 1,302. Ulinganisho na Minnesota haukai sawasawa: 2,100 ni wastani wa wakubwa na wadogo, na kambini mtu aweza kupata mchicha au kibarua kidogo. Lakini vijana wa Minnesota walijitolea, waliijua siku ya mwisho, na dunia iliwaandika kama mashujaa wa elimu. Mkimbizi hakujitolea, haijui siku, na Sheria ya Wakimbizi ya 1998 yamkataza kutoka nje ya eneo lake bila kibali. Yeye ameandikwa kwa namba.

Namba si ngeni katika nchi hii. Wakati wa ukoloni Kasulu na Kibondo zilikuwa chemchemi ya vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga. Mtu alisafiri mamia ya maili, akafika akapewa namba, na kutoka katika neno hilo akaitwa manamba. Muha aliyekuwa nyumbani mwana wa fulani na mkwe wa fulani alikuwa kule mikono miwili. Hakuna atomi iliyomtoka njiani. Liisa Malkki, mwanaanthropolojia, aliona jambo la jamaa ya hili mwaka 1985 na 1986 kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Waliokaa katika makazi ya Mishamo walijishika kwa nguvu kuwa taifa moja lililo uhamishoni; waliokaa Kigoma mjini wengi walilikwepa jina la mkimbizi, wakaoa na kuolewa, wakajiita hivi leo na vile kesho, na hawakuona kwamba wamejipoteza. Ni watu wa asili moja, walioungwa kwa namna mbili.

Inabaki hukumu. Tufanye mfano wa kubuni: mtu wa Nduta, mwaka ule wa 2017, ameng'oa muhogo usiku katika shamba la mwanakijiji. Wa kwanza atasema: sasa tumemjua. Nimekwisha kueleza kwa nini hajamjua. Wa pili, kwa huruma, atasema: si yeye, ni njaa. Huruma hii ina hatari yake. Mtu anaweza kustahimili kuitwa mwizi mwenye udhuru. Ni vigumu zaidi kuambiwa kwamba usiku ule hakuwapo. Huenda yeye mwenyewe akasema kwamba aliwapo, kwamba aliwafikiri watoto, akachagua, na kwamba aona haya. Akisema hivyo asinyimwe. Kumwondolea kosa kwa kumwondoa yeye mwenyewe ni kumpunguzia posho kwa mara ya pili.

Kuna hukumu ya zamani ambayo haikuangukia upande wowote wa hizi. Yasimuliwa katika Muwatta ya Imamu Malik kwamba watumwa wa Hatib waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna, wakamchinja. Khalifa Umar aliamuru kwanza wakatwe mikono, kisha akamgeukia bwana wao akamwambia kwamba aona anawatia njaa. Akamwuliza mwenye mali thamani ya ngamia wake. Akajibu kwamba aliwahi kukataa dirhamu 400. Umar akamwamuru Hatib alipe 800. Hakusema kwamba watumwa hawakuiba, wala hakusema kwamba wizi ulikuwa tabia yao. Alikifuata kitendo mpaka kwenye kiungo chake, akakuta kwamba kimeshikwa upande wa pili na mkono wa mtu aliyeshiba.

Katika mfano wetu wa Nduta ni shida kumtaja Hatib. Posho ilipunguzwa na fedha ambazo hazikuletwa, na fedha hizo zilikuwa zitoke katika nchi nyingi, wala hakuna hata moja iliyo na shamba Kibondo. Mwenye shamba ni mkulima wa ekari mbili, ambaye naye ghala lake hukauka Januari. Na maadamu hakuna Umar wa kuliamua shauri hili, yeye ndiye aliyelipa.